Jina Nililoandika Kwenye Fomu ya Polisi

Neema,

Mama yako amekupeleka kanisani ukaagane na watu, na nyumba imebaki na mimi na masanduku yako mawili pale mlangoni. Kesho asubuhi unahamia Namur. Sitakuandikia habari za kupika wala za kuvaa soksi nzito. Mama yako amekwisha kukujazia karatasi tatu za mambo hayo, na alichosahau atakupigia simu kukuambia, mara nne kwa siku. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na minne.

Naandika Kiswahili cha shuleni, kile tulichofundishwa Bukavu na mwalimu aliyetuchapa fimbo kwa kila kosa. Najua utacheka. Lakini Kifaransa changu ni cha kujaza fomu, na nikikuandikia kwa Kifaransa nitajificha humo humo.

Wiki tano sasa hujaniita papa. Unasema bonjour, unapita. Sikulaumu. Ile barua ya polisi ilikuja kwa jina langu kwa sababu gari ni langu: kasi ya sitini na nane mahali pa thelathini, karibu na shule, Jumatano asubuhi. Ndani yake kulikuwa na fomu ya kuuliza ni nani aliyekuwa anaendesha. Wewe na mama yako mlikuwa mmekwisha kupatana kwamba niandike jina langu. Mimi kazini naenda kwa tramu, na gari naligusa siku ya soko tu. Wewe una leseni ya miezi minane, na dereva mpya hapa hahurumiwi: hakimu anaweza kukunyang'anya leseni na kukurudisha kwenye mitihani kama mtu asiyewahi kushika usukani. Na kazi yako mpya ni ya kuzunguka vijijini, nyumba kwa nyumba, kuwafunga wagonjwa vidonda. Bila leseni huna kazi. Yote hayo niliyajua. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lako, nikapeleka bahasha posta kabla hamjaamka.

Sasa wito umekuja. Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, mahakama ya polisi. Ndivyo wanavyoiita mahakama ya kesi za barabarani, ingawa ndani yake anayekungoja ni hakimu.

Siku mama yako alipogundua nilichofanya, alinikuta jikoni nikimenya vitunguu. Unamjua, akikasirika hapandishi sauti, anaishusha.

"Weye uko baba ya namna gani? Mutoto anapata kazi, alors weye unaenda kumutoa ku police?"

Nikamwambia ni wewe uliyekuwa unaendesha.

"Na Faustin? Faustin alikufanyia. Weye unashindwa kumufanyia mutoto yako?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na taulo kichwani. Ukauliza, "Tonton Faustin alimufanyia papa nini?" Mama yako akageukia sufuria. Mimi nikavaa viatu, nikatoka, nikatembea mpaka stesheni ya Gare du Nord na kurudi bila shughuli yoyote. Hakuna aliyekujibu. Nakujibu leo.

Ulikuwa na miaka tisa. Faustin, mdogo wangu, tonton wako, alikuwa anakaa nasi hapa hapa Schaerbeek, analala kwenye kochi la sebuleni. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimwamsha kwa kumvuta vidole vya miguu. Alikuwa na leseni mpya, na kazi ya kusambaza mikate kwa gari la mwoka mikate mmoja. Aliipenda kazi ile mno. Alirudi nyumbani ananukia mikate, na mifukoni mwake hakukosa vipande vilivyovunjika kwa ajili yako.

Mimi nilikuwa nasafisha ofisi kule Schuman, kama sasa. Jumamosi moja asubuhi, nimemaliza zamu yangu, chef, msimamizi wetu, akanirudisha ghorofa ya sita nikafute upya ukumbi wa mikutano kwa sababu mtu fulani alikuwa amemwaga kahawa baada ya mimi kupita. Alinisemesha kama mtoto mdogo mbele ya wenzangu. Nikafuta. Nikashuka, nikaingia kwenye gari, barabara ilikuwa tupu, nikakanyaga. Sikuwa nimechelewa popote. Hakuna aliyekuwa ananingoja. Kwa dakika mbili nilijiona mtu mzima tena, kisha kamera ikanimulika.

Baadaye nilijiambia kwamba nilikuwa nawahi kukupeleka hospitali, una homa. Hukuwa na homa. Ulikuwa hapa unaangalia katuni.

Barua ya polisi ilipofika, faili langu la kuomba uraia lilikuwa mezani kwa wakubwa. Nikaogopa. Na badala ya kwenda kwa mtu anayejua sheria, nikaenda kuulizia pale mlangoni mwa kanisa baada ya misa, bila kusema kosa ni la nani, kama tunavyofanya sisi kwa kila jambo, liwe ni maumivu ya mgongo au ni kesi. Mmoja akasema mahakama yoyote inaua faili la uraia. Mwingine akaapa kwamba anamjua mtu aliyekataliwa kwa kosa dogo kuliko langu. Wote tulikuwa walinzi na wasafishaji, tunaelimishana. Miaka ilipopita, kitambulisho cha Mbelgiji kikiwa tayari mfukoni, nilimuuliza wakili, kama mtu anayeuliza habari za jirani. Akasema kosa moja la namna ile huenda lisingeligusa faili hata kidogo. Nilibaki kwenye kiti chake mpaka akaniuliza kama najisikia vizuri.

Siku ile tuliyoketi kuamua, tulikuwa watatu mezani: mimi, mama yako na Faustin. Kwetu, jambo zito likimwangukia mmoja, ndugu wanakaa pamoja wanatazama ni nani kati yao anayeweza kulibeba bila kuvunjika. Ndivyo tulivyosomeshana, ndivyo tulivyovuka vita, na sioni haya kwa hilo. Lakini karatasi ile haikuuliza nani atabeba. Iliuliza nani alikanyaga. Sisi tuliisoma kwa macho ya nyumbani.

"Yaya, andika jina yangu," Faustin akasema, akiniita kaka kama kawaida yake. "Mi sina dossier ya uraia. Batanipatia amende, nitalipa, c'est tout."

"Na kama banakuita ku tribunal?" mama yako akauliza.

"Bon, nitaenda. Nitasema ni mimi. Ba Belge habakule muntu."

Nikaandika jina lake, naye akatia sahihi. Kisha tukala. Hakuna kati yetu aliyeuliza mtu mwenye leseni ya miezi kumi na minne anafanywaje. Mimi nilikuwa nafikiria faili langu, na faili lile lilikuwa limejaa kichwani hata mdogo wangu akakosa nafasi.

Walimwita. Asubuhi ile ningeweza kuomba ruhusa kazini. Sikuomba, kwa kuogopa mtu asinione mahakamani akaniuliza nafanya nini pale. Alikwenda peke yake, amevaa koti langu la harusi, lililompwaya mabegani. Aliporudi mchana alinisimulia akiwa amesimama, anataka kunichekesha.

"Juge aliniuliza, Monsieur, mulikuwa munakimbia wapi? Yaya, ile hatukuisikilizana. Nikanyamaza. Halafu nikacheka kidogo."

Unakijua kicheko chetu hicho, cha mtu aliyeshikwa na aibu asijue auweke wapi uso wake. Bukavu mzee yeyote angekielewa, angeinamisha macho ampe nafasi. Hakimu yule aliona dharau. Alimwambia kwamba mtu anayehatarisha roho za watu bila hata sababu, kisha anakuja kuchekea mahakamani, ni mtu wa kufundishwa. Miezi mitatu bila leseni, na mitihani yote upya. Faustin akaigiza sauti ya hakimu, akakunja uso, na mimi, Neema, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, kwa kuwa nilikuwa nimepona.

Mwoka mikate hakuweza kumngoja. Mtihani wa maandishi alianguka mara mbili, maana Faustin Kifaransa chake kilikuwa cha barabarani na kile cha mitihani ni kingine. Akakata tamaa ya kuurudia. Akaanza kumwendeshea kwa siri mtu mmoja aliyeuza samaki masokoni, bila leseni, kwa sababu hakujua kazi nyingine aliyoipenda. Polisi wakamsimamisha. Mara ya pili hakimu hakuwa na haja ya kumuuliza alikuwa anakimbilia wapi. Alikuwa na karatasi ya kwanza mbele yake, karatasi yangu, na iliyasema yote. Muuza samaki akanyang'anywa gari lake, na Faustin akapoteza hata marafiki.

Mwaka huo huo uraia wangu ukatoka. Tulifanya sherehe, unaikumbuka, ulivaa gauni la njano. Faustin ndiye aliyebeba makreti ya vinywaji kwa mguu kutoka dukani, safari tatu. Muda mfupi baadaye akahama, akasema kochi linamuumiza mgongo. Lilikuwa kochi lile lile la siku zote. Akapanga chumba nyuma ya Gare du Nord, akawa mtu wa vibarua, na pombe, ambayo hapo kwanza aliinywa kwenye harusi tu, ikawa ya kila siku.

Hakuwahi kunikumbusha. Hata mara moja, hata akiwa amelewa. Kuna Noeli moja ulimuuliza mezani kwa nini yeye haji na gari kama watu wengine. Mama yako aliacha kutafuna. Faustin akakuangalia, akasema, "Tonton alikimbia sana, chérie. Banamukatalia." Akanilinda mbele ya mtoto wangu, na mimi nikasema, nipitishie bakuli la sombe.

Tangu hapo ikawa masihara ya nyumba yetu. Mtu akivuka barabara mbio, ni tonton. Wewe ulipopata leseni, wote walikuambia uangalie usije ukawa na mguu wa tonton, na kamera ilipokumulika mama yako mwenyewe alisema haya basi, damu imejibu. Nilikuwepo, nikatabasamu. Mguu huo ni wangu. Faustin alikuwa anaendesha kama bibi kizee, mikate isije ikaanguka.

Unajua alivyokufa. Walimkuta chumbani baada ya siku mbili, walipovunja mlango, na daktari akasema ni moyo. Sitasema kwamba hukumu ile ilimwua, kwa sababu wengi wamenyang'anywa leseni na wako hai, wananenepa. Lakini nikianza kuhesabu hatua kurudi nyuma, kutoka mlango ule uliovunjwa, kila hatua inanirudisha kwenye meza yetu na kalamu mkononi mwangu.

Sasa kuna lililo baya zaidi, na hili hata na mama yako hatulizungumzi. Kwenye matanga, kabla ya mazishi, mkubwa wa familia anasimama mbele ya watu na kutoa historique: aeleze marehemu aliishije, na imekuwaje mpaka tukafika pale. Watu hukaa kimya kuliko wakati wa sala, maana ndilo neno la mwisho juu ya mtu. Mkubwa nilikuwa mimi. Ulikuwa umekaa mstari wa pili, na miaka yako kumi na saba, unalia bila sauti. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nakuapia nilikuwa nimejiandaa. Nilipoinua macho nikaona ukumbi wa parokia umejaa mpaka nje, na wale wa mlangoni mwa kanisa wako pale, na nikasikia mdomo wangu unasema kwamba ndugu yetu alikuwa mtu mwema, ila alipenda mbio, na mbio zilimharibia maisha yake. Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akasema, ni kweli, papa, vijana wa Ulaya. Tukamzika hivyo.

Kwa hiyo fomu yako ilipokuja, na mama yako akanikumbusha kwamba nilifanyiwa, sikuweza. Ningependa kukuambia kwamba nilikataa kwa ajili yako, usije ukaanza maisha ukiwa na mtu mwingine chini ya uzito wako kama nilivyoanza mimi maisha ya hapa. Kuna ukweli humo. Lakini nimeukalia ukweli huo wiki tano na naona hautoshi. Huenda nilikataa kwa ajili yangu. Huenda nilitaka safari hii jina la kweli liandikwe ili mimi nilale, na nikakutumia wewe, kazi yako na leseni yako, kutengeneza nilichokiharibu kwa mwingine. Sijui, Neema. Najihoji, sipati jibu lililo safi.

Ninalolijua ni hili: nilipaswa kukuamsha. Nilipaswa kukuketisha, nikakuambia habari za Faustin, kisha nikakupa kalamu uandike mwenyewe. Badala yake niliandika wakati umelala na nikatoka kwa kunyata kama mwizi. Mara ya kwanza niliandika jina la uongo, mara ya pili la kweli, na mara zote mbili mwenye jina sikumfikiria. Wiki tano zimepita na sijakuuliza hata ulikuwa unawahi nini asubuhi ile. Nakasirika na nafsi yangu ninapoandika sentensi hii.

Nimekwenda kwa wakili. Wakili wa kweli, mwenye ofisi, si wa mlangoni mwa kanisa. Anakungoja Jumanne saa kumi. Karatasi yenye anwani yake iko ndani ya bahasha hii. Anasema tusidanganye lolote, na kwamba ataleta mkataba wako wa kazi amwonyeshe hakimu. Mara nyingine hakimu anakubali leseni ichukuliwe mwisho wa juma tu, ili mtu asikose kazi. Mara nyingine hakubali, hasa kwa dereva mpya na karibu na shule. Nilimuuliza mara tatu kama tuna matumaini, na mara tatu alinijibu kwamba hawezi kuahidi. Kwa hiyo usiende ukitegemea. Unaweza kuipoteza kazi hiyo kabla hujawajua wagonjwa wako kwa majina, na ukiipoteza, mkono uliokufikisha pale utakuwa wangu, na ule mguu ulikuwa wako. Sitaki kukufichia lolote kati ya hayo mawili.

Nimewasikia mkiingia chini, mama yako anasalimiana na jirani. Namaliza.

Yeye anasema barua hii nikupe baada ya kesi, nisikuongezee mzigo. Pengine ana haki, mara nyingi anayo. Lakini nikingoja tena najijua, nitapata sababu nyingine ya kungoja, na nyingine baada ya hiyo. Watu wa ule ukumbi nitawaambia pia. Mwezi wa nane ukoo unakutana nyumbani kwa shangazi yako, na nimekwisha kuomba nafasi ya kusema. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiwe uliyeuliza.

Sikuombi unisamehe kwa niaba ya Faustin. Hukupewa kazi hiyo.

Alhamisi nimeomba ruhusa, na chef amekubali kwa kununa. Nitakaa nyuma kabisa, nisikuchanganye. Hakimu akikuuliza, mjibu kama ilivyokuwa, hata kama jibu ni dogo na la aibu. Mdogo wangu alisimama pale peke yake kwa kosa langu, na mimi wakati ule nilikuwa nafuta meza za watu Schuman. Wewe utasimama kwa kosa lako, na nitakuwa mle ndani, utake kuniangalia au usitake.

Baba yako, ambaye Jumamosi ile ndiye aliyekuwa anaendesha.